Kuiongezea C nafasi kutoka D bila kupoteza faili

Ni tatizo la kila siku kwa mafundi wa kompyuta Mombasa: diski ni moja iliyogawanywa sehemu mbili (patisheni), C na D; C imejaa, D ina nafasi tele. Mwenye laptopu anaipunguza D, kisha anakuta "Extend Volume" (amri ya kupanua) ya C bado ni ya kijivu, haibonyezeki. Windows huipanua patisheni kwa nafasi tupu inayoifuata papo hapo upande wa kulia. Ukiipunguza D, nafasi inabaki mwishoni mwa D, mbali na C.

GParted, programu ya kupanga patisheni, inaweza kuisogeza D. Ila kusogeza ni kuandika upya data yote iliyomo, na kwenye diski kubwa ya kuzunguka kazi hiyo huchukua saa nyingi. Stima ikipotea katikati, D yote inaweza kuharibika. Kwa hivyo nashauri njia hii: nakili, futa, unda upya. Inafaa pale D inapobeba faili tu. Kama kuna programu zilizosakinishwa humo, usiifuate.

Hatua ya 1. Chomeka chaja, kisha diski ya nje (hapa ni E) yenye nafasi ya kutosha. Mfumo wake wa faili uwe NTFS au exFAT. FAT32 hukataa faili inayofika GB 4, na video kubwa zitaachwa nje.

Hatua ya 2. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

robocopy D:\ E:\NakalaD /E /XJ /R:1 /W:1 /XD "System Volume Information" "$RECYCLE.BIN"

Ikimaliza, tazama safu ya FAILED kwenye ripoti. Lazima iwe 0. Folda ya NakalaD isipoonekana, haijapotea, imefichwa tu. Irudishe kwa attrib -h -s E:\NakalaD. Sasa fungua faili kadhaa kutoka E kwenyewe: picha, hati ndefu, video uipeleke hadi mwisho. Usiruke hapa, maana baada ya hatua ya 3 nakala hii ndiyo pekee uliyo nayo.

Hatua ya 3. Ondoa diski ya nje kabisa, ili usije ukafuta isiyo yenyewe. Bonyeza Windows+R, andika diskmgmt.msc, bofya D kwa kitufe cha kulia, chagua "Delete Volume". Nafasi ikiandikwa "Free space" kwa kijani badala ya "Unallocated", D ilikuwa ndani ya patisheni ya extended (patisheni inayobeba nyingine ndani yake). Ifute hiyo nayo.

Hatua ya 4. Bofya C, "Extend Volume", uweke kiasi kwa MB. GB 60 ni 61440. Ikiwa bado ni ya kijivu, angalia kama kuna "Recovery Partition" (patisheni ya kurekebishia Windows) katikati ya C na nafasi hiyo. Usiifute kwa pupa. Unda D upya, urudishe faili, umpelekee fundi.

Hatua ya 5. Nafasi iliyobaki ifanye "New Simple Volume", NTFS, herufi D ileile ili njia za mkato zisipotee. Chomeka diski ya nje, uhakikishe herufi yake bado ni E, kisha urudishe faili: robocopy E:\NakalaD D:\ /E /R:1 /W:1. Usifute NakalaD mpaka FAILED ya safari hii nayo isome 0.