Nyoka pua-nguruwe: namna ya kumshika na kumlisha bila kuumwa

Nyoka pua-nguruwe, Heterodon nasicus, ana vitisho vingi kuliko vitendo. Ukimshtua hutanua shingo, hufoka kwa nguvu na kukurushia kichwa, lakini mara nyingi mdomo wake unakuwa umefungwa na anakugonga kwa pua tu. Anayeuma hasa ni yule aliyetulia kabisa, anayechezesha ulimi pole pole akiufuata mkono wako kwa kuwa unanuka panya. Ukiushika huo utofauti, kazi kubwa umeshaimaliza.

Natunza nyoka hapa Arusha. Wanaoniuliza kuhusu huyu mgeni ni vijana wa hapa wanaotamani kumfuga, na ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya, ambako huuzwa madukani kama sungura. Kwa aliye Tanzania, anza na kibali. Wanyamapori wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hivyo nenda TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori, ukaulize kabla hujatoa hela kwa mtu. Nyoka aliyeletwa kwenye begi bila karatasi ni kesi inayosubiri siku yake.

Hatua ya 1: Msome kabla hujafungua kasha

Kwao ni nyanda kavu za katikati ya Marekani mpaka kusini mwa Kanada. Pua yake iliyobinuka ni jembe la kufukulia udongo, na mojawapo ya vyakula anavyofukua ni vyura wa nchi kavu, wale wenye ngozi ya vipele, ambao sumu yao haimsumbui. Kwa hiyo usishangae kumkosa juu ya maranda, yuko chini. Maranda yasiwe ya mtarakwa, maana mafuta yake yenye harufu kali huwadhuru nyoka.

Ukimwona, angalia haya:

- Shingo imebapa, anafoka, anajirusha: ameogopa. Subiri atulie.
- Amegeuka chali, mdomo wazi, ulimi unaning'inia, na kuna uvundo: amejifanya mfu. Mgeuze kifudifudi uone, atajipindua tena chali, kana kwamba maiti ina upande wake maalumu. Inachekesha, ila usiifanye mchezo wa kuwaonyesha wageni. Hapo mnyama anadhani anakufa kweli.
- Macho yamekuwa na ukungu wa kijivu: anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri, na hasira ziko karibu. Mwache mpaka amalize.
- Kichwa kiko nje ya maranda, shingo imetulia, ulimi unafanya kazi: ana njaa. Huyu ndiye wa kuogopa.

Hapa lazima niseme jambo kwa herufi kubwa moyoni. Haya yote ni ya Heterodon peke yake. Ukikutana na nyoka anayetanua shingo kwenye shamba la migomba kule Moshi au nyuma ya banda la kuku Usa River, huyo anaweza kuwa swila, na swila hatishii kwa pua, anatema sumu machoni. Tanzania ina pia nyoka mfupi, mnene, mla vyura, mwenye pua iliyobinuka vilevile na anayejaza upepo na kufoka: Causus defilippii. Yeye ni wa ukoo wa kifutu na meno yake ya sumu yako mbele. Usimwokote nyoka yeyote wa porini kwa sababu umesoma ukurasa huu.

Hatua ya 2: Ua harufu

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, mpaka juu ya vifundo. Kama umetoka kushika panya, kuku au hata samaki, nawa mara mbili. Nyoka huyu anategemea pua na ulimi kuliko macho, na kidole chenye joto na harufu ya panya kwake ni panya. Ukimaliza kumshika nawa tena, maana nyoka hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha.

Hatua ya 3: Mshike

Usimteremshie mkono kutoka juu ya kichwa. Ndivyo ndege anavyomjia. Mguse kwanza kiunoni kwa fimbo yenye kulabu, ajue kuwa si wakati wa kula. Kisha pitisha kiganja chini ya tumbo, katikati ya mwili, umnyanyue. Usimbane shingo. Akifoka ukiwa umeshamshika, usimrudishe papo hapo; baki umetulia, mwache atembee kutoka kiganja hiki kwenda kile, mrudishe akishanyamaza. Dakika chache zinatosha. Akishakula, mwache siku mbili nzima, vinginevyo atatapika.

Kwa walio Arusha, jihadharini na Juni na Julai. Nyumba inapoa na nyoka anapoa nayo, na nyoka wa baridi huwa mkorofi tena hasagi chakula. Upande mmoja wa kasha uwe na joto la nyuzi 30 hadi 32, ukilipima kwa kipimajoto na si kwa kiganja. Moshi mna unafuu.

Hatua ya 4: Mlishe kwa kibano

Watu wengi huumwa wakati wa kulisha. Tumia kibano kirefu, panya awe mfu na aliyeyeyushwa vizuri kama alikuwa kwenye friza, na mkono ubaki mbali. Dume anaweza kugoma kula msimu wa kupandana. Usihangaike kumsogezea chakula kwa vidole.

Hatua ya 5: Akikuuma

Meno yake makubwa yako nyuma ya taya, na mate yake yana sumu hafifu. Ndiyo maana hang'ati na kuachia. Anang'ang'ania na kutafuna, na kadiri anavyotafuna ndivyo sumu inavyoingia. Usimvute, utachana ngozi yako na kuyavunja meno yake. Weka mkono chini ya bomba la maji baridi, au dondoshea spiriti kidogo pembeni ya mdomo wake. Ataachia.

Vua pete na saa upesi kabla mkono haujavimba. Osha kwa sabuni na maji mengi, andika muda. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba, na lile jiwe jeusi la nyoka liache huko kabatini. Maumivu yakizidi meza panadol, si asprini, kwa kuwa asprini huzidisha kutoka damu. Wengine huishia na alama na muwasho. Wengine huvimba mkono, hupata michubuko na malengelenge kwa siku kadhaa.

Uvimbe ukipanda kupita kifundo cha mkono, malengelenge yakitokea, ukisikia kizunguzungu au kifua kikibana, nenda hospitali bila kungoja asubuhi. Mtoto aende moja kwa moja. Ukifika Mount Meru au KCMC na kusema tu "nimeumwa na nyoka", daktari atawaza kifutu au swila, na yuko sahihi. Dawa ya sumu ya nyoka wa Afrika haikutengenezwa kwa ajili ya huyu, na yenyewe inaweza kuleta mzio mkali. Basi andika Heterodon nasicus kwa wino usiofutika juu ya mfuniko wa kasha, piga picha ya maandishi hayo pamoja na nyoka mwenyewe, ukae nayo kwenye simu. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.