Kompyuta uliyoiunda haiwaki: anzia ukutani kabla ya kununua kifaa kingine

Kompyuta mpya ikigoma, mara nyingi hakuna kilichoungua. Kuna waya haujaingia sawasawa. Kila unapotaka kugusa ndani, chomoa plagi kwanza.

Iko kimya kabisa? Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama umeme upo. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani, nayo hukatika. Swichi ya nyuma ya pawasaplai (boksi linaloigawia kompyuta umeme) iwe kwenye I, si O (hili huwapata hata mafundi). Pawasaplai za zamani zina kiswichi cha volti: kwa umeme wa Afrika Mashariki kiwe 230. Ukiiwasha ikiwa 115, hiyo utaiunguza kweli.

Sasa ndani. Waya wa pini 24, unaotoka kwenye pawasaplai kwenda kwenye madabodi (bodi kuu), ni mgumu; usukume mpaka ndoano yake ishike, kisha uvute kidogo uhakikishe. Wa prosesa, wenye pini 8, huingia juu karibu na prosesa yenyewe. Usiuchanganye na wa kadi ya grafiki: wa prosesa hugawanyika 4+4, wa kadi 6+2, na chanya na hasi zimepishana. Ukiona unalazimisha, acha.

Halafu kitufe. Chomoa kwenye madabodi kiwaya cha PWR_SW, kile kinachotoka kwenye kitufe cha kuwashia, rudisha umeme, gusisha pini mbili kilipokuwa kwa ncha ya bisibisi sekunde moja. Ikiwaka, kosa ni kitufe au ulichomeka pini za jirani. Kiwaya hiki hakina chanya wala hasi.

Bado kimya? Chomoa pawasaplai kwenye vifaa vyote, kisha kwenye plagi ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kibanio cha karatasi, ndipo uwashe swichi ya nyuma. Feni ikizunguka, angalau inaitika. Nyingine hazizungushi feni bila mzigo, hivyo chomekea feni ya kesi. Pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe: kapasita zake hubaki na umeme. Wala usiazime nyaya za pawasaplai nyingine hata zikiingia. Mpangilio wa pini hutofautiana.

Feni zikishtuka kisha zikazima, shuku shoti. Toa madabodi, ilaze juu ya boksi lake la karatasi ikiwa na prosesa, feni yake na RAM moja tu. Kwenye madabodi ya nafasi 4 za RAM, kwa kawaida huingia ya pili kutoka kwenye prosesa. Ikiwaka hapo, huenda kesi ndiyo yenye shida: pengine kijiguu cha shaba kinachobeba madabodi kimekaa pasipo na tundu la skrubu, kinagusa mgongo wake. Isipowaka, toa prosesa, mulika soketi kwa tochi uangalie pini iliyolala.

Feni zinazunguka ila hakuna picha? Hilo mara nyingi si tatizo la umeme. Kandamiza RAM upya, na kama ni ya aina ya DDR5, mara ya kwanza ipe dakika kadhaa. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina hazitoi picha, kwa hiyo waya wa skrini uchomeke kwenye kadi ya grafiki.