Maji Yaliyochujwa Bado Yana Mbolea: Punguzeni CAN

Ndugu wakulima wa mboga wa Kisauni, Likoni na Changamwe, mnaopata maji taka yaliyopita kwenye mtambo wa kichujio cha utando (ngozi nyembamba yenye matundu madogo sana), acheni kutia CAN, mbolea ya naitrojeni, kana kwamba mnamwagilia maji ya mvua. Kosa hili linawalia pesa. Mchicha unakolea kijani kupita kiasi, bua linakuwa laini, vidukari wanajazana chini ya majani. Bamia inarefuka, majani tele, maua hakuna. Kisha mkulima anarudi dukani kununua dawa!

Maji yakitoka meupe na hayanuki, mtu huamini hayana kitu. Utando huzuia bakteria na mayai ya minyoo, maana ni makubwa kuliko matundu yake. Naitrojeni na fosforasi zilizoyeyuka hupita, chumvi pia. Mtambo usiopulizwa hewa, ule unaotoa gesi ya kuendeshea jenereta, ndio wa kuangaliwa zaidi: naitrojeni karibu yote hubaki majini.

Mwulizeni msimamizi wa mtambo: naitrojeni ni miligramu ngapi kwa lita? Idadi hiyo ndiyo gramu mnazopata katika kila lita 1,000. Chukua tuta la mita 1 kwa 10, linalopewa mitungi miwili na nusu ya lita 20 kwa siku. Siku 28 ni lita 1,400. Kipimo kikiwa 30, tuta limekwisha pata gramu 42 za naitrojeni, sawa na gramu 160 hivi za CAN yenye naitrojeni asilimia 26. Toa gramu hizo 160 kwenye ulichokusudia kutia. Tumia mizani, kukisia kwa kiganja ndiko kulikotufikisha hapa. Wala msidanganyane kwamba kilichozidi kitangoja msimu ujao. Mchanga wetu wa pwani haushiki kitu, na naitreti, umbo la naitrojeni linaloyeyuka majini, hushuka hadi kwenye kisima mnachochota maji ya kunywa.

Kipimo cha Januari hakifai Mei. Mvua za masika zikiingia kwenye mabomba ya maji taka, maji huzimuka. Ombeni kipimo kipya kila mwezi, na mwulize chumvi papo hapo: ikizidi desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha chumvi majini), maharagwe na vitunguu msivipe maji hayo.

Ukipatia, bua husimama na majani hubaki kijani cha kawaida.

Mboga za kuliwa mbichi msizimwagilie juu ya majani. Utando ukipasuka, bakteria hupita na maji yanaweza kuonekana meupe vilevile.