Besi bila mwalimu: nilivyoanza nikiwa na miaka 44

Mimi ni fundi cherehani, hapa Songea. Mtaani kwetu anayepiga kinanda yupo, wa kufundisha gitaa la besi hakuna. Basi nimejifunza jioni nikishafunga kibanda, na nimekosea vya kutosha kukupunguzia wewe safari.

Kosa la kwanza lilikuwa la manunuzi. Nililipia gitaa la mtumba bila kulikagua. Nyuzi zilikaa juu mno, vidole vikaniwaka, na kwa wiki tatu nikausingizia umri. Kumbe shingo ilikuwa imepinda. Kabla hujatoa hela, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo, huhesabiwa kuanzia kichwani), na kwa mkono mwingine ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Halafu chungulia freti ya 7 au ya 8. Pengo kati ya uzi na chuma linatakiwa lipitishe vocha ya kukwangua, basi. Likizidi hapo, ndani ya shingo kuna chuma chenye skrubu ya kurekebishia. Huzungushwa kidogokidogo, robo mzunguko kwa mara moja. Gitaa linarekebishika, ndiyo, ila bei ishuke kwanza.

Pili, tafuta earphone nzuri. Uzi mnene kabisa hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haifiki huko chini. Nimesikiliza bendi ya dansi ya Sikinde miaka yote kwenye simu bila kujua mpiga besi anafanya nini! Kuna viampli (vikuza sauti) vidogo vinavyochomekwa kwenye gitaa, unasikilizia masikioni, na jirani analala.

Nyuzi, kuanzia ule mnene, hutoa noti za E, A, D, G. Programu ya kutyunia (kuweka nyuzi kwenye sauti yake) kwenye simu inatosha. Ikishindwa kuisikia E, gusa uzi juu ya chuma cha freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, uachie. Itatoka E ileile, ya juu zaidi, na simu itaidaka.

Mkono wa kushoto, bonyeza karibu kabisa na chuma cha freti, si katikati ya nafasi. Kwenye freti za mwanzo nafasi ni pana, usijilazimishe kutanua vidole vinne. Tumia cha shahada, cha kati na kile kidogo cha mwisho. Cha pete kikisaidie hicho cha mwisho. Mkono wa kulia, shahada na cha kati vipokezane kama miguu inavyotembea.

Waliopita kwaya wana mtaji tayari, hata kama hawajui. Weka do kwenye uzi mnene, freti ya 3. Fa iko uzi unaofuata, freti ileile ya 3. So iko freti mbili mbele yake. Nyimbo nyingi mno zinatembea humo humo tu. Mwimbaji akipandisha sauti, sogeza umbo lote la vidole kama lilivyo.

Kuhusu nyimbo za dansi, anza na ule mwanzo wa taratibu, upunguze mwendo hadi robo tatu. Chemko, kile kipande cha kasi cha baadaye, kitasubiri. Mimi nilikikimbilia, nikapoteza miezi miwili.

Halafu jirekodi, hata dakika moja kila siku. Siku ya kwanza nilidhani simu ina hitilafu, maana kila nikikaribia kubadilisha noti nilikuwa nakimbia. Mguu wangu kwenye cherehani hauyumbi, vidole ndivyo vilivyokuwa na haraka. Nikaweka metronomu (programu ya kugonga mapigo) kwenye 60, yaani pigo moja kwa sekunde, nikapiga noti moja, hiyo hiyo, dakika tano. Inachosha kweli. Mke wangu aliuliza kama gitaa limeharibika.

Rekodi moja nilimtumia kijana anayepiga besi Iringa. Nilitegemea anisifie vidole. Akajibu: “Mzee, noti zako hazizimi.” Alikuwa sahihi. Noti ikishatimiza muda wake, legeza kidole cha kushoto lakini kibaki kimegusa uzi, sauti ifie hapo. Nyuzi usizozipiga zilaliwe na kidole gumba cha mkono wa kulia. Tangu hapo, dakika tano za kila jioni nazitumia kuzima tu.