Gitaa la mkono au la vipande: pima shingo kabla ya kulipa

Ukienda kununua gitaa la umeme, liwe la hapa Mbeya mjini au umeagiza kwa mtu anayetoka Dar es Salaam, muuzaji atakuambia moja kati ya mambo mawili. Ama hili ni la mkono, fundi mmoja kalitengeneza mwanzo mwisho, kwa hiyo bei haishuki. Ama hili ni la kuunganisha, vipande vimetoka huku na huku, chukua kwa bei poa. Mimi ni fundi magitaa Mwanjelwa, wateja wangu wengi ni wapigaji wa kwaya na bendi za harusi, na maneno hayo mawili hayajawahi kunitosha. Hela yako ilipie kazi iliyofanywa kwenye shingo. Kazi hiyo unaweza kuipima mwenyewe kwa rula ya chuma, kipande cha karatasi na vidole vyako.

Gitaa la vipande halina aibu yoyote. Leo Fender, kule California, alipoanza kuuza gitaa lake la ubao mzima mwaka 1950, alifunga shingo kwa skrubu nne makusudi, ili kazi ya kiwandani iende haraka na shingo ikiharibika ibadilishwe. Gibson walipotoa Les Paul mwaka 1952 wao waligundisha shingo kwa gundi. Njia zote mbili zinapigwa hadi leo. PRS, kampuni ya Paul Reed Smith iliyoanza mwaka 1985 huko Maryland, hutengenezewa magitaa yake mengi ya SE, ya bei nafuu, Indonesia. Na wale mafundi wadogo wa magitaa ghali, wengi wao hununua funguo za kukazia nyuzi za Gotoh kutoka Japani, hununua pikapu (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi), na bodi huchongwa na mashine ya kompyuta. Kinachowatofautisha ni muda ambao mtu anakaa na shingo baada ya mashine kumaliza. Fundi mzuri wa mkono hukaa nayo siku nzima. Kwenye gitaa la bei rahisi, mara nyingi hakuna aliyekaa nayo kabisa.

Basi anza hivi. Pitisha kidole pembeni mwa shingo, toka juu hadi chini. Ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo, zikikukwaruza kama meno ya msumeno, ubao umesinyaa na chuma kimebaki kilivyo. Huku nyanda za juu jambo hili hutokea sana kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa ikikauka. Gitaa lililokaa Tukuyu kwenye mvua, likipelekwa Chunya, litachoma vidole ndani ya wiki chache. Ncha hupigwa tupa, halafu msasa laini, kazi imekwisha. Usilikatae gitaa kwa sababu hiyo, omba punguzo.

Kisha weka rula fupi ya chuma juu ya freti tatu zinazofuatana, ujaribu kuitikisa. Ikicheza, freti ya katikati iko juu, na mahali hapo waya utalia *zzz*. Rudia shingo nzima. Freti moja mbili zilizonyanyuka zinatengenezeka. Zikiwa nusu ya shingo, hilo ni gitaa ambalo hakuna aliyelisawazisha, hata kama lina saini ya fundi nyuma ya kichwa.

Baada ya hapo bana waya mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie pale kwenye freti ya saba. Kuwe na upenyo mdogo, milimita 0.2 hadi 0.3, unene wa vocha ya kukwangua. Upenyo ukiwa mkubwa zaidi, au usipokuwepo kabisa, fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo inahitaji kurekebishwa. Mwambie muuzaji akuoneshe inazunguka. Fimbo iliyoganda ndiyo sababu pekee inayonifanya nimwambie mteja arudishe gitaa hapohapo.

Mwisho angalia nati, kile kijiti cheupe chenye mifereji sita kabla ya funguo. Bana waya kwenye freti ya tatu: juu ya freti ya kwanza pabaki nafasi ya karatasi moja. Mifereji ikiwa juu sana, F yako itapanda kila ukiibana, na mwalimu wa kwaya atakulaumu wewe. Nati ya plastiki naitoa na kuweka ya mfupa wa mguu wa ng'ombe. Nauchukua buchani, nauchemsha mpaka mafuta yatoke, naukausha, naukata. Ni kazi ya asubuhi moja, na kwangu hakuna badiliko la bei ndogo linalobadili gitaa kiasi hicho.

Kama umeamua kuunganisha lako mwenyewe, nakuunga mkono kwa moyo wote, kwa sharti moja: shingo nunua iliyochongwa tayari, bodi tengeneza hapa. Mbao tunazo. Mninga ninaoutumia mimi unatoka Chunya. Ni mgumu wa kutosha, haujikunji ovyo, na mafundi samani huuza vipande vilivyobaki. Paini ya Sao Hill, Mufindi, watu wanaidharau, lakini magitaa ya majaribio ya Fender yalikuwa ya paini. Ni nyepesi begani. Ubaya wake inabonyea na skrubu hulegea, kwa hiyo tundu zake zitie gundi kidogo. Mpingo usiufanye bodi, mzito mno, hata majini unazama. Ufanye ubao wa vidole, na ununue wenye kibali.

Ubao wowote, hakikisha umekauka. Upime kwenye mizani ya duka kila wiki, uandike. Uzito ukiacha kushuka, anza kukata. Unene wa bodi ni milimita 45 hivi.

Sasa hapa ndipo magitaa mengi ya vipande yanapoharibikia. Pima kutoka nati hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Shingo ya mtindo wa Fender itakupa 324, yaani urefu wa waya milimita 648. Ya mtindo wa Gibson itakupa karibu 314, yaani 628. Briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi, lazima ikae kwenye kipimo hicho, na nyuzi nene zipewe milimita mbili tatu za ziada. Ukichukua shingo ya 628 ukaifunga kwenye bodi iliyotobolewa kwa 648, gitaa halitakaa kwenye tyuni hata ulipe fundi gani.

Kabla ya kutoboa briji, funga nyuzi mbili za kushonea toka funguo za pembeni hadi kwenye briji, uzivute. Zikae umbali sawa na kingo za shingo pande zote mbili. Ndipo uweke alama. Tundu za skrubu za shingo kwenye bodi ziwe pana kiasi cha skrubu kupita bila kung'ata. Zing'ate kwenye shingo tu, ndipo shingo itakapovutwa ikabane. Paka sabuni ya kipande kwenye skrubu, maana zikikatikia ndani utalia.

Kazi ya umeme wake ni fupi. Pikapu ya koili moja, poti (vile vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti) za 250k. Ya koili mbili, 500k. Waya wa ardhi ufike kwenye briji. Ukigusa nyuzi mlio wa nyuma ukipungua, umelehemu sawa. Lakini ukihisi umeme mdomoni unapokaribia maikrofoni, acha kupiga: shida iko kwenye ampli au soketi isiyo na ethi, na inaua. Aitwe fundi umeme wa jengo kabla ya ibada.

Ukishatia nyuzi, liache wiki moja likizoee mvuto. Kisha pima upenyo wa freti ya saba tena, ukiwa mkubwa kaza fimbo robo mzunguko, subiri hadi kesho yake, upime. Mvua za Novemba zikianza, rudia.