Ile namba ya tatu kwa mfuko wa mbolea si potasiamu tupu, isome hivi

Msimu wa kupanda waru (viazi) uliopita nilikuwa nimesimama kwa agroveti moja huku Molo nikingoja mvua ipungue, mzee mmoja akaingia na karatasi ya maabara imekunjwa ndani ya kofia isilowe. Akaniuliza, "Kijana wangu, hii karatasi inasema niweke potasiamu, K, kilo hamsini kwa ekari. Sasa nichukue mfuko mmoja wa hii nyekundu ya kilo hamsini niende, ama kuna mahali wanauza potasiamu yenyewe, ile haijachanganywa?"

Maswali mawili hayo, na yote ni ya maana, juu watu wengi wamejipunja hapo bila kujua.

Tuanze na hiyo ya "yenyewe". Potasiamu yenyewe ni chuma, ndio, chuma laini unaweza kukata na kisu cha mboga, ukiikata inang'aa kama fedha halafu inafifia ukiiangalia hivi hivi. Humphry Davy ndiye wa kwanza kuitoa peke yake, mwaka wa 1807 huko Uingereza, alipitisha umeme kwa potashi kali. Inawekwa ndani ya mafuta kama ya taa manake ikigusa maji inaelea juu, inakimbia huku na huku na inashika moto wa zambarau, na kinachobaki kwa maji ni kemikali ya kuchoma ngozi. Sasa hebu fikiria hiyo kwa mtaro wenye unyevu na mbegu ndani. Hakuna agroveti itakuuzia hiyo na mtu akikuambia anayo, toka hapo.

Chenye tunauziwa ni potasiamu ikiwa imeshikana na kitu kingine. Ikishikana na klorini inakuwa kloridi ya potasiamu, hiyo ndio MOP, ile ya chembe nyekundu kama chumvi ya ng'ombe, ingawa nyeupe pia iko. Ikishikana na salfeti ni SOP. Ikishikana na naitreti ni ile 13-0-46 watu wa nyanya za grinihausi wanapitisha kwa dripu. Zote zikifika kwa maji ya udongo zinayeyuka, potasiamu inaachana na mwenzake na mzizi unaichukua, na mmea haujali ilitoka kwa mfuko gani. Huyo mwenzake ndiye wa kuangalia, tutamrudia.

Kitu hiki hata si kigeni kwetu. Mimi nimekulia upande wa Kakamega, na nyanya yangu alikuwa anachoma maganda ya maharagwe yaliyokauka, jivu analishindilia kwa kopo limetobolewa matundu chini, anamimina maji juu na kungoja. Yanadondoka pole pole, ya kahawia kama chai ya rangi. Hiyo ndiyo munyu wa kienyeji, na bila hiyo mrenda haujapikwa. Ndani ya hayo maji kubwa ni kaboneti ya potasiamu. Wazungu wa zamani walikuwa wanafanya karibu vile vile, wanachuja jivu halafu wanachemsha maji kwa chungu hadi yakauke, na jina potashi kwa lugha yao ni jivu la chungu tu. (Magadi ni kitu kingine, hiyo ni ya sodiamu, usije ukamwaga shambani ukidhani ni potashi.)

Sasa namba. Mfuko ukiandikwa 17-17-17, ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosforasi na ya tatu potasiamu, hiyo kila mtu anajua. Chenye hatuambiwi ni kwamba hiyo ya tatu haihesabu K, inahesabu K2O, yaani oksidi ya potasiamu. Na kichekesho ni kwamba hiyo oksidi haiko ndani ya mfuko hata chembe! Ni desturi ya wanakemia wa zamani, walikuwa wanaandika vipimo vyao kama oksidi, na biashara ya mbolea ikabaki hapo hapo mpaka leo.

Kwa hivyo kuna hesabu moja tu ya kushika. K2O ukizidisha na 0.83 unapata K. K ukizidisha na 1.2 unapata K2O. Inatoka kwa uzito wa atomu, potasiamu mbili ni 78 na oksijeni moja 16, jumla 94, kwa hivyo 78 kwa 94 ndio hiyo 0.83.

Tukarudi kwa karatasi ya mzee. Maabara iliandika K kilo 50. Zidisha na 1.2, ni kilo 60 za K2O. MOP ina asilimia 60 ya K2O, mfuko wa kilo 50 unakupa 30, kwa hivyo anahitaji mifuko miwili. Angebeba ule mmoja angeweka nusu, halafu waru zikikosa kunenepa aseme maabara ni waongo. Kwa SOP ambayo ni asilimia 50, ni kilo 120, mifuko miwili na karibu nusu. Na akitaka kuifikisha na 17-17-17 peke yake, kila mfuko una K2O kilo 8.5, ni mifuko saba, na hapo atakuwa amelipia naitrojeni na fosforasi ambazo pengine karatasi haikuitisha. Kuna maabara zinaandika K na zingine K2O, kwa hivyo soma herufi kabla ya kusoma namba. Ukiona hazijaandika vizuri, wapigie simu uulize, ni haki yako, ulilipa.

Na usinunue kwa kuogopa. Udongo mwingi wa volkano huku Nakuru una potasiamu yake ya kutosha, ndio sababu kwa miaka tumezoea mbolea za DAP 18-46-0 na CAN ambazo hazina potasiamu hata kidogo. Lakini shamba limelimwa waru miaka kumi mfululizo, ama miwa huko Bungoma, ama nepia inakatwa na kubebwa kila wiki, hilo linaisha. Ukiizidisha nayo inazuia mmea kuchukua magnesiamu, kwa hivyo pima kwanza.

Dalili kwa mahindi ni majani ya chini, kingo zinaanza manjano kutoka ncha halafu zinakauka kahawia kama zimepitishwa motoni, katikati bado kijani. Kama manjano imeshuka katikati ya jani kama V hiyo ni njaa ya naitrojeni, tusichanganye.

Sasa yule mwenzake. Klorini kwa mahindi haina shida na MOP ndio bei nafuu, chukua hiyo. Kwa waru inategemea unauzia nani, klorini nyingi inafanya kiazi kishike maji zaidi, sokoni hakuna atakayejua lakini mnunuzi wa krisps anapima ukavu wa kiazi, na mkulima wa Dutch Robijn, ile aina ya waru ya krisps, ningemwambia aongeze pesa achukue SOP, ambayo pia inaleta salfa. Maharagwe na parachichi pia hazipendi klorini.

Na MOP ni chumvi, jamani. Mwaka wangu wa kwanza nikilima shamba la kukodi niliimwaga kwa mtaro nikaangusha maharagwe juu yake moja kwa moja, nilikuwa na haraka ya mvua. Wiki mbili baadaye nilikuwa na mistari yenye mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, na mbegu nilizofukua zilikuwa zimesinyaa. Weka pembeni ya mbegu na chini kidogo, vidole viwili vitatu, na ufunike na udongo kwanza.

Kama pesa ya mfuko haipo, angalia mabua. Potasiamu nyingi ya mahindi inabaki kwa bua na majani, nafaka inabeba kidogo tu, kwa hivyo ukiyachoma ama kumuuzia jirani umeuza mbolea. Ukilisha ng'ombe, nyingi inatokea kwa mkojo, na zero-grezing yenye sakafu inayoteremkia barabarani inaipeleka barabarani. Chimba shimo la kuushika, utie matandiko, na samadi uifunike mvua isiioshe.

Jivu la jikoni pia lina potasiamu, tawanya kidogo kidogo kwa shamba lenye asidi, ila kwa waru nenda pole sana manake linapunguza asidi na ugonjwa wa magamba unapenda hapo. Na usilichanganye na CAN ama DAP kwa ndoo moja. Mama mmoja huko Njoro alifanya hivyo na jivu lilikuwa na unyevu, nikainamia ndoo kuangalia na ile harufu ikanichoma pua mpaka machozi. Hiyo ilikuwa naitrojeni yake ikiondoka.