Kusoma utafiti wa panya waliovutishwa unga na bangi: mwongozo kwa wanaofanya kazi soba

Ukifanya kazi na mateja kwenye soba, yaani nyumba wanamoachia dawa za kulevya, hapa Unguja au Pemba, utaletewa tu. Simu inanyooshwa, kichwa cha habari kinasema bangi inaondoa hamu ya unga (heroini), imethibitishwa kwa panya. Anayeileta mara nyingi ni mteja mwenyewe, na jibu analitaka sasa hivi. Utaratibu ninaowapa washauri nasaha wapya ndio huu. Tafuta utafiti wenyewe, habari iliyoandikwa juu yake haitoshi, na uwe na kalamu.

Hatua ya 1: Jua panya alivuta nini

Maabara nyingi siku hizi hazichomi kitu. Dawa inayeyushwa ndani ya propilini glaikoli, kimiminika cha sigara za umeme, na kutiwa kwenye tangi la sigara ya umeme, kisha pampu inavuta mvuke mpaka kwenye kijumba kilichofungwa alimo panya. Kundi la mtafiti Michael Taffe huko California lilichapisha njia hii kwa THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, mwaka 2016, na baadaye likaitumia kwa heroini. Kwa hiyo panya hakuvuta tumbaku, wala karatasi, wala uchafu aliouchanganya muuzaji. Kokteli ya mitaani kwetu, unga na bangi na tumbaku ndani ya msokoto mmoja, ni kitu kingine kabisa.

Hatua ya 2: Usiichukue namba ya tangi kuwa ndiyo dozi

Utakuta "miligramu 100 kwa mililita" ukashtuka. Hiyo ni nguvu ya kilichomo kwenye tangi. Ukubwa wa kipande cha udi kwenye chetezo haukwambii kanzu imeshika harufu kiasi gani. Tazama mvuke ulipulizwa mara ngapi, panya alikaa ndani dakika ngapi, na kama damu ilipimwa. Haikupimwa? Andika pembeni "dozi haijulikani", uendelee.

Hatua ya 3: Soma joto, maumivu na mwendo kwa pamoja

Hapa usiwe na haraka, maana ndipo mwili wa mnyama unapotoa ushahidi.

Joto kwa kawaida hupimwa na kifaa kidogo cha redio kilichopandikizwa tumboni, ambacho hurekodi na mwendo pia. Kabla ya kutazama mstari wa dawa kwenye grafu, tazama mstari wa panya waliopewa mvuke mtupu. Mara nyingi utapanda mwanzoni. Panya akishikwashikwa na kuhamishwa hupata wasiwasi, na wasiwasi humpandisha joto na kumfanya azungukezunguke. Asiyejua hilo atadhani propilini glaikoli ni dawa! Kinachokuhusu ni nafasi iliyopo baina ya mistari miwili. THC huushusha mwili joto na kumtuliza mnyama. Heroini kwa dozi ndogo huweza kumpandisha joto na kumchangamsha, na kwa dozi kubwa mambo hugeuka. Angalia na muda pia: THC ya mvuke hufanya kazi upesi na kuisha mapema kuliko ile ya sindano ya tumboni.

Maumivu hupimwa kwa mkia. Mkia unatumbukizwa kwenye maji ya moto, tuseme nyuzi 52, na saa inahesabu mpaka panya autoe. Asiyepewa dawa huutoa baada ya sekunde chache tu. Aliyevuta opioidi, yaani dawa za jamii ya heroini, au THC hukawia. Watafiti huweka kikomo, mara nyingi sekunde 15, mkia usije ukaungua. Basi ukiona kundi zima limegota kwenye 15, hapo kipimo kimeishia, na huwezi tena kujua dawa ipi ina nguvu zaidi.

Tazama pia kama majike na madume wametengwa. Panya jike hugeuza THC kuwa 11-hidroksi-THC, nayo inalevya vilevile, kwa wingi kuliko dume.

Hatua ya 4: Tafuta dawa pinzani

Naloksoni tunaijua, ndiyo inayomrudisha mtu aliyezidisha unga. Ikizuia athari ya mvuke kwa panya, basi athari ilipitia vipokezi vya opioidi, yaani sehemu za mwilini ambako opioidi hushika. Kwa THC hutumika rimonabanti, inayoziba vipokezi ambako THC hushika.

Hatua ya 5: Nani alishika kitufe?

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii. Panya aliyefungiwa kwenye mvuke hakuchagua kitu. Anakuonyesha dawa inaufanya nini mwili, uraibu hauonyeshi. Utafiti wa uraibu ni ule ambao mnyama anajipa mwenyewe. Mwaka 2018 yalichapishwa majaribio ambamo panya waliutafuta wenyewe mvuke wa sufentanili, opioidi yenye nguvu kubwa. Waliopewa nafasi ya saa 12 kwa siku walizidi kujiongezea, waliopewa saa 1 hawakujiongezea. Mteja yeyote wa soba atakwambia hilo analijua bila panya.

Hatua ya 6: Rudi kwa mteja na swali lake

Habari ya "bangi inapunguza hamu" ina asili ya kweli. Mwaka 2019 kundi la Taffe lilichapisha kwamba panya waliovutishwa THC kabla ya kujipa oksikodoni, opioidi ya kutuliza maumivu, walijipa kidogo zaidi. Mweleze hivyo hivyo, usimfiche. Kisha mwonyeshe yaliyobaki: oksikodoni iliingia kwa mshipa, haikuvutwa, haikuwa unga wa mtaani, na panya hao hawakuwa kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, kama wateja wenzake wanaokwenda kliniki ya Kidongo Chekundu. Na kupungua kwenyewe kuna zaidi ya sababu moja. THC huongezea opioidi nguvu ya kuzuia maumivu, kwa hiyo huenda kidogo kilitosha. Au panya alizubaa tu, asiweze kubonyeza kitufe cha kujipa dawa. Ili kutenganisha hayo, tafuta kwenye matokeo kama walimjaribu pia kwa kitu kingine, chakula kwa mfano, na kama alikibonyezea kama kawaida.